Vizuizi vya Vimeng'enya na Siri ya Ndigana Kali: Historia ya Utafiti wa Kinasi katika Seli za Ng'ombe, 1964–2015, na Maana Yake kwa Wafugaji wa Serengeti na Tarime

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya namna watafiti walivyotumia vizuizi vya vimeng'enya kuchunguza kinasi, yaani vimeng'enya vinavyopitisha ishara ndani ya seli. Mfano unaochunguzwa ni ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na kimelea Theileria parva, ambao wafugaji wa Mugumu na maeneo mengine ya Mkoa wa Mara wanaufahamu vyema. Hoja kuu ni kwamba kizuizi hakikuwa ithibati kamili kwa nafsi yake, bali kilikuwa kama shahidi anayepaswa kuhojiwa. Majibu yaliyodumu ni yale yaliyoungwa mkono na mashahidi wa aina tofauti. Insha inaonesha pia kwamba dawa iliyotumika kwa miaka mingi kama kipimo cha kulinganishia, buparvakwoni, hatimaye iligunduliwa kuwa nayo ni kizuizi cha kimeng'enya kinachogusa njia ileile iliyokuwa ikichunguzwa. Sehemu ya mwisho inajadili maana ya historia hiyo kwa mfugaji anayeishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

1.0 Utangulizi

Historia ya sayansi ya seli imezoeleka kusimuliwa kama historia ya maabara za Ulaya, Marekani na Japani. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yameacha pengo. Mojawapo ya maswali yaliyowashughulisha sana wachunguzi wa ishara za seli katika robo ya mwisho ya karne ya 20 lilitoka Afrika Mashariki. Swali lenyewe ni hili: inawezekanaje kimelea kimoja kuingia katika chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe, kuifanya igawanyike bila kikomo kama seli ya saratani, na kisha, kimelea kikiuawa, seli hiyo iache kugawanyika?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama hadubini pekee. Kuona seli ikigawanyika hakumwambii mtafiti ni amri gani iliyoiamuru igawanyike. Ilibidi watafiti wapate namna ya kukatiza amri moja baada ya nyingine na kuangalia kitakachotokea. Zana waliyoitumia zaidi ni kizuizi cha kimeng'enya.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua kipande cha fosfati kutoka katika molekuli ya nishati iitwayo ATP na kukipachika kwenye molekuli nyingine, mara nyingi protini. Kwa kupachikwa huko, protini inayolengwa huwashwa, huzimwa au huhamishwa. Kizuizi ni kemikali inayojishikiza kwenye kimeng'enya na kukizuia kufanya kazi yake. Insha hii inatumia maneno hayo kwa maana hizo tu.

2.0 Mugumu, Kupe na Nyati

Mugumu ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wa wilaya hiyo na ya jirani yake, Tarime, ni pamoja na Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waissenye, ambao wengi wao hulima na kufuga. Kwa jamii hizi ng'ombe si chanzo cha maziwa na nyama tu. Ng'ombe ni akiba ya kaya, ni mahari, na ni njia ya kupata ada ya shule na gharama za matibabu. Kwa hiyo ugonjwa unaoua ndama hupunguza pia uwezo wa familia kuoza na kusomesha.

Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huenezwa na kupe wa kahawia wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus. Kupe huyu hupitia hatua tatu za maisha na katika kila hatua hupanda mnyama mpya. Akinyonya damu yenye vimelea akiwa lava au tunutu, huvipeleka kwa mnyama anayefuata katika hatua inayofuata. Siku chache baada ya maambukizi, tezi za ng'ombe huvimba, hasa chini ya masikio na mbele ya bega. Joto la mwili hupanda. Mnyama huacha kula, hutoa machozi na hupumua kwa shida. Katika hatua za mwisho mapafu hujaa maji na povu hutoka puani.

Mahali ilipo Mugumu pana uzito wake katika historia hii. Nyati wa Afrika ndiye mwenyeji wa asili wa Theileria parva. Huishi na kimelea hicho bila kuugua. Pale ambapo malisho ya ng'ombe yanapakana na eneo la nyati, kupe huyohuyo huwahudumia wanyama wote wawili. Mpaka wa hifadhi ni mpaka wa kisheria, si mpaka wa kupe.

Ugonjwa wenyewe uliingia katika maandishi ya kisayansi kupitia pwani. Robert Koch alipochunguza damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliona vimelea vidogo sana na kudhani ni hatua ya ugonjwa mwingine. Baada ya ng'ombe kutoka Afrika Mashariki kusafirishwa kupitia bandari ya Beira mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa ulilipuka kusini mwa Afrika na kuua mifugo kwa wingi. Mwaka 1904 Arnold Theiler alikitenga kimelea hicho kuwa cha aina yake, na mwaka huohuo Charles Lounsbury alionesha kuwa kupe wa kahawia ndiye anayekieneza. Tangu wakati huo ugonjwa umejulikana kwa jina la homa ya pwani ya mashariki.

3.0 Seli Isiyokoma Kugawanyika: Muguga, 1964–1976

Kwa miaka sitini baada ya Theiler, kilichofahamika ni kimelea, kupe na mzoga. Kilichotokea ndani ya seli hakikufahamika. Mabadiliko yalianzia Muguga, karibu na Nairobi, palipokuwa na kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 Hulliger na wenzake walieleza jinsi Theileria inavyoongezeka katika seli zilizofugwa maabara. Kimelea hakikuipasua seli na kutoka kama vifanyavyo vimelea vingi. Kilisubiri seli igawanyike, nacho kikagawanyika pamoja nayo, kila seli binti ikirithi sehemu yake.

Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown walichapisha njia ya kufuga kwa muda mrefu seli za bandama la ng'ombe zilizoambukizwa. Seli hizo ziliendelea kuongezeka maabara bila kuhitaji vichocheo ambavyo limfosaiti za kawaida huvihitaji. Kwa lugha ya wataalamu, zilikuwa zimegeuzwa. Hapo ndipo ndigana kali ilipoacha kuwa suala la udaktari wa mifugo peke yake na kuwa suala la biolojia ya saratani pia.

Hatua ya tatu ilikuwa ya tiba. Mwaka 1976 McHardy, Haigh na Dolan waliripoti kuwa menoktoni, kemikali ya jamii ya naftokwinoni, ilitibu maambukizi ya Theileria parva. Kutokana na jamii hiyo zilipatikana parvakwoni na kisha buparvakwoni, ambayo uwezo wake ulielezwa mwaka 1985. Dawa hii iliwapa watafiti kitu ambacho wachunguzi wa saratani ya binadamu hawakuwa nacho: njia ya kumwondoa mkosaji. Seli iliyogeuzwa ikipewa buparvakwoni, kimelea hufa, na seli huacha kugawanyika ndani ya siku chache. Ugeuzaji ulikuwa unarudi nyuma. Basi kila badiliko lililoonekana katika seli iliyoambukizwa liliweza kupimwa mara mbili: kimelea kikiwapo, na kimelea kikiwa kimeondolewa.

4.0 Zana: Kinasi na Vizuizi Vyake

Wakati seli za Muguga zikikua katika chupa, kwingineko duniani elimu ya kinasi ilikuwa ikikomaa. Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakiwa Seattle katikati ya miaka ya 1950, walionesha kuwa kimeng'enya kimoja cha misuli huwashwa kwa kupachikwa fosfati. Umuhimu wa ugunduzi huo ulionekana polepole, nao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Orodha iliyochapishwa mwaka 2002 ilihesabu kinasi za protini 518 katika jenomu ya binadamu. Seli ya ng'ombe nayo ina mamia ya kinasi za namna hiyo.

Wingi huo ndio uliozaa tatizo. Seli inapopokea ujumbe wa kugawanyika, kinasi moja huwasha ya pili, ya pili huwasha ya tatu, na njia hizo hupishana. Mtafiti akipima na kukuta kinasi fulani inafanya kazi kwa nguvu katika seli iliyoambukizwa, bado hajui kama kinasi hiyo ndiyo chanzo cha mgawanyiko, ni matokeo yake, au imetokea tu kuwapo. Kipimo huonesha kuandamana kwa mambo, hakioneshi sababu. Kizuizi huuliza swali jingine: kinasi hii ikinyamazishwa, je, seli itaendelea? Ni kama mkulima anayeziba mfereji mmoja ili ajue ni shamba gani litakalokauka.

Vizuizi vingi vya kinasi hufanya kazi kwa kuingia katika kishimo ambamo ATP huingia. ATP ikikosa nafasi, hakuna fosfati ya kupachika. Utaratibu huu una faida na hasara. Faida ni kwamba hufanya kazi haraka, ndani ya dakika chache, na mara nyingi athari yake hutoweka kizuizi kikioshwa. Hasara ni kwamba kinasi karibu zote zina kishimo cha ATP, na vishimo hivyo vinafanana. Staurosporini, iliyotengwa kutoka katika bakteria na kundi la Satoshi Ōmura nchini Japani mwaka 1977, ilitambuliwa mwaka 1986 kuwa kizuizi chenye nguvu cha kinasi C. Baadaye ilidhihirika kwamba inazuia kinasi nyingi mno. Kizuizi cha namna hiyo huua mgawanyiko bila kumwambia mtafiti ni kinasi gani iliyohusika.

Kwa sababu hiyo miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya kutafuta umahususi. Kwa kinasi iitwayo PI3K, ambayo hupachika fosfati kwenye mafuta ya utando wa seli na hivyo kuanzisha ishara za ukuaji, zilipatikana zana mbili. Ya kwanza ni wotimanini, zao la kuvu, inayojifunga kwenye kinasi hiyo moja kwa moja isiweze kutoka. Ya pili ni LY294002, kemikali iliyotengenezwa na kampuni ya Eli Lilly na kutangazwa mwaka 1994, inayoshindana na ATP na inayoweza kuondolewa. Kemikali hizi mbili hazifanani kwa umbo wala kwa namna ya kushika. Tofauti hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa.

5.0 Kinasi ya Kwanza Kushukiwa: Nairobi, 1992–1995

Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Wanyama, ILRAD, ilianzishwa Kabete, Nairobi, mwaka 1973, na baadaye ikaunganishwa katika taasisi inayojulikana leo kama ILRI. Hapo ndipo Onesmo ole-MoiYoi na wenzake walipoielekezea macho kinasi ya kaseini ya 2, kwa kifupi CK2. Mwaka 1992 walieleza jeni ya CK2 ya kimelea chenyewe. Mwaka 1993 walichapisha ushahidi kwamba CK2 ya ng'ombe huongezeka na kufanya kazi zaidi katika limfosaiti zilizogeuzwa na Theileria parva kuliko katika limfosaiti za kawaida.

Huu ulikuwa ushahidi wa kipimo, pamoja na udhaifu uliotajwa hapo juu: ongezeko linaweza kuwa sababu au matokeo. Wakati huo hakikuwapo kizuizi cha CK2 kilichoaminika kwa umahususi wake. Jibu lilitafutwa kwa njia ya kinyume. Mwaka 1995 David Seldin na Philip Leder, nchini Marekani, walitengeneza panya ambao limfosaiti zao zilizalisha CK2 kupita kiasi. Baadhi ya panya hao walipata saratani ya limfu. Katika kichwa cha makala yao waliutaja waziwazi uhusiano na ugonjwa wa ng'ombe.

Tukio hili lastahili kuangaliwa kwa makini na mwanahistoria. Dhana iliyozaliwa Kabete kutokana na ng'ombe wa Afrika Mashariki ilipelekwa kujaribiwa katika panya wa Marekani na ikapata nguvu. Mtiririko wa maarifa haukuwa wa upande mmoja. Hata hivyo jaribio la panya lilionesha kwamba CK2 nyingi inaweza kusababisha ugonjwa. Halikuthibitisha kwamba ndiyo inayoiendesha seli iliyo na kimelea. Kuongeza ni tofauti na kuzuia.

6.0 Mashahidi Wawili na Marafiki Zao

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 uchunguzi ulipanuka, hasa katika kundi la Dirk Dobbelaere mjini Bern, Uswisi, na kundi la Gordon Langsley mjini Paris. Mwaka 1997 Galley na wenzake walionesha kuwa kinasi iitwayo JNK imewashwa muda wote katika seli T zilizogeuzwa na Theileria parva. Mwaka 1999 Heussler na wenzake walionesha kuwa kimelea huilinda seli isijiue kwa kutumia protini ya NF-κB, na mwaka 2002 walieleza jinsi kimelea kinavyokusanya juu ya uso wake kinasi za IKK zinazoiwasha NF-κB hiyo. Kimelea kilikuwa kimeiba swichi na kuishika mkononi.

Kazi inayofaa zaidi kuonesha matumizi ya vizuizi ni ile iliyochapishwa na Baumgartner na wenzake mwaka 2000 kuhusu seli B zilizogeuzwa na Theileria parva. Walikuta PI3K ikifanya kazi muda wote. Waliizuia, na mgawanyiko wa seli ukasimama. Lakini seli hazikufa. Matokeo haya yalitenganisha mambo mawili ambayo jicho la kawaida huyaona kuwa kitu kimoja: kukua na kuishi. PI3K ilihitajika kwa ukuaji. Uhai wa seli ulilindwa kwa njia nyingine. Hakuna upimaji wa kawaida ambao ungeweza kutoa utengano huo; ulipatikana kwa kuziba mfereji mmoja huku mwingine ukiendelea kupitisha maji.

Lakini mwaka huohuo wa 2000 ulileta onyo. Katika Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, Davies, Cohen na wenzao walizijaribu kemikali 28 zilizokuwa zikiuzwa kama vizuizi mahususi, kila moja dhidi ya kundi kubwa la kinasi. Wotimanini ilitoka na sifa nzuri. LY294002 haikubahatika hivyo: ilizuia CK2 kwa nguvu iliyokaribiana na ile inayozuia PI3K. Kwa msomaji wa historia ya ndigana kali, jina hilo si geni. CK2 ndiyo kinasi iliyokuwa imeshukiwa Nairobi mwaka 1993. Maana yake ni kwamba mtafiti aliyeipa seli yenye Theileria dawa ya LY294002 peke yake na kuona mgawanyiko ukikoma, hakuwa na haki ya kusema ni PI3K. Huenda alikuwa ameigusa CK2 bila kujua.

Hapa ndipo hekima ya kutumia vizuizi viwili ilipoonekana. Wotimanini na LY294002, kwa kuwa na maumbo tofauti, zilitarajiwa kuwa na makosa tofauti. Mashahidi wawili wasiojuana wakitoa habari moja, habari hiyo hupata uzito. Lakini hata uzito huo una mipaka. Mwaka 2005 iliripotiwa kuwa wotimanini nayo, licha ya sifa zake, inazuia kwa nguvu kinasi ya kundi la polo, ambayo husimamia mgawanyiko wa seli. Pia ilijulikana kuwa zote mbili zinaweza kuizuia mTOR, kinasi ya ukuaji iliyo jamaa ya PI3K. Pale ambapo orodha za makosa zinakutana, mashahidi wawili huwa sawa na mmoja.

Mwaka 2010 von Schubert na wenzake, kutoka kundi la Bern, walionesha kuwa kinasi ya polo ya 1, Plk1, ina kazi maalumu katika seli yenye Theileria. Kimelea huivuta Plk1 ya ng'ombe hadi kwenye uso wake na kujishikiza kwenye nyuzi zinazoitenganisha seli katika sehemu mbili. Kwa njia hiyo hujihakikishia nafasi katika kila seli binti, jambo lilelile ambalo Hulliger alilieleza mwaka 1964 bila kujua utaratibu wake. Watafiti walitumia kizuizi kinachoitwa BI 2536 kuonesha kuwa utendaji wa Plk1 unahitajika ili kimelea kijishikize kwenye nyuzi za katikati ya seli inayogawanyika.

Ukiyaweka matukio haya pamoja, utaona kwamba kila mmoja wa mashahidi wa mwaka 2000 alikuwa na rafiki wa siri, na marafiki hao, CK2 na Plk1, wote wametajwa katika historia ya ndigana kali. Hilo haliyabatilishi matokeo ya mwaka 2000, lakini linaonesha kwa nini sentensi isemayo kwamba kizuizi fulani kilisimamisha mgawanyiko isigeuzwe haraka kuwa sentensi isemayo kwamba kinasi fulani ndiyo sababu. Kati ya sentensi hizo mbili kuna kazi ya kufanya: kutumia kipimo kidogo kabisa kinachotosha, kupima kama kinasi inayolengwa imezimwa kweli, kutumia kizuizi cha umbo tofauti, na pale inapowezekana, kupunguza kinasi yenyewe kwa njia ya jeni.

7.0 Kipimo cha Kulinganishia Kilipogeuka Mshukiwa

Katika karibu kazi zote zilizotajwa, buparvakwoni ilikuwa msingi wa ulinganisho. Seli iliambukizwa, ikapimwa. Kisha ikapewa buparvakwoni, ikapimwa tena. Kinasi iliyotulia baada ya dawa ilihesabiwa kuwa inategemea kimelea. Ili kuondoa shaka kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyoituliza, ilifaa seli zisizo na kimelea zipewe dawa hiyohiyo, na zisipobadilika ikahesabiwa kuwa dawa haiigusi seli ya ng'ombe. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na dhana iliyofichika: kwamba buparvakwoni inakiua kimelea kwanza, na ishara hutulia baadaye kwa sababu kimelea hakipo.

Mwaka 2015 Marsolier, Weitzman na wenzao mjini Paris walichapisha kazi iliyoitikisa dhana hiyo. Waligundua kwamba Theileria hutoa ndani ya seli ya mwenyeji kimeng'enya kiitwacho Pin1, ambacho hubadilisha mkunjo wa protini. Pin1 ya kimelea husababisha kuharibiwa kwa protini ya seli iitwayo FBW7. Kazi ya kawaida ya FBW7 ni kuiondoa c-Jun, protini inayowasha jeni za ukuaji na ambayo ndiyo inayopachikwa fosfati na JNK. FBW7 ikipungua, c-Jun hudumu. Kisha wakaonesha kwamba buparvakwoni inaizuia Pin1 hiyo, na kwamba vimelea sugu kutoka Tunisia, vya aina ya Theileria annulata, vilikuwa na Pin1 iliyobadilika kiasi kwamba dawa haikuizuia tena.

Kwa hiyo dawa iliyodhaniwa kuwa ni ya kumwondoa mkosaji tu ilikuwa pia inamziba mdomo. Ilikuwa kizuizi cha kimeng'enya kinachogusa njia ya c-Jun, njia ileile ambayo uchunguzi wa mwaka 1997 ulikuwa umeisogelea kupitia JNK. Hili halikufuta ukweli kwamba ishara hizo zinamtegemea mvamizi, kwa kuwa Pin1 ni ya kimelea. Lakini lilifuta utengano uliodhaniwa kuwapo kati ya zana ya kuchunguzia na kipimo cha kulinganishia. Kilichobadilika ni swali: si tena kama kimelea kipo au hakipo, bali ni kipi kati ya vitu vinavyotolewa na kimelea kinachonyamazishwa, na kwa wakati gani.

Pia ni jambo la kuzingatia kwamba ushahidi wenye nguvu zaidi katika kazi hiyo haukutoka katika kemikali peke yake. Ulitoka katika vimelea vilivyokuwa vimeshinda dawa. Badiliko dogo la kimeng'enya likimnyima kizuizi nguvu yake, mtafiti hupata shahidi ambaye hana urafiki wa siri na kemikali yoyote. Usugu, ambao ni msiba kwa mfugaji, ulikuwa ufunguo kwa mchunguzi.

8.0 Maana kwa Serengeti na Tarime

Msomaji wa Mugumu ana haki ya kuuliza: haya yote yanamsaidia nini mwenye ndama aliyevimba tezi? Jibu la kweli ni kwamba wotimanini, LY294002 na BI 2536 si dawa za ng'ombe wala hazikukusudiwa kuwa hivyo. Kinasi zinazolengwa nazo ni za ng'ombe mwenyewe na zinahitajika katika viungo vyake vingine. Zaidi ya hayo, kumtuliza mwenyeji bila kumuua mvamizi ni kuahirisha tatizo. Kinga ya mfugaji imebaki kuwa josho na dawa ya kuua kupe, chanjo, na matibabu ya mapema.

Hata hivyo historia hii inatoa mafunzo manne yenye uzito.

Kwanza, inaeleza kwa nini kuchelewa kunaua. Kimelea hakingoji, kila seli iliyogeuzwa huzaa seli zilizogeuzwa, nazo husambaa hadi kwenye mapafu. Buparvakwoni itolewayo siku ya mwisho inaweza kukiua kimelea, lakini haiwezi kuyatoa maji yaliyokwisha kujaa mapafuni. Kwa sababu hiyohiyo oksitetrasaiklini, ambayo ni rahisi kupatikana madukani, haitegemewi kumponya mnyama ambaye dalili zimekwisha kujitokeza.

Pili, habari ya Pin1 inaonesha njia halisi ya usugu. Mfugaji anayepunguza dozi ili chupa moja itoshe ng'ombe wawili anawapa nafasi vimelea vyenye kimeng'enya kilichobadilika. Maelezo haya yakitolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka, yana nguvu zaidi kuliko amri ya kufuata maelekezo ya chupa.

Tatu, kuna suala la nyati. Chanjo ya kuambukiza na kutibu, iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 na kuanza kutumiwa na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990, humpa ng'ombe vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Imeokoa ndama wengi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Ol Pejeta, Kenya, ulionesha kuwa ng'ombe waliochanjwa hawakukingwa ipasavyo dhidi ya vimelea vinavyotoka kwa nyati. Kijiji kinachopakana na Serengeti kiko katika mazingira yanayofanana na hayo. Kwa hiyo uamuzi wa kuchanja mahali kama Mugumu hauna budi kuzingatia umbali kutoka kwenye malisho ya nyati.

Nne, kuna ng'ombe wenyewe. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliwalinganisha zebu wa Tarime na zebu wa Usukuma kuhusu mzigo wa kupe na kinga dhidi ya Theileria parva. Kwa kufanya hivyo waliukubali msingi wa maarifa ya wafugaji, kwamba ng'ombe wa asili hawafi sawasawa na wa kigeni. Mwaka 2022, uchunguzi wa ng'ombe aina ya Boran nchini Kenya ulibainisha eneo la jenomu linalohusiana na ustahimilivu huo, lenye jeni ya jamii ya FAF1. Hakuna sababu ya swali hilo kuishia Kenya. Seli za zebu wa Tarime zikifugwa maabara, zikaambukizwa, na kinasi zake zikachunguzwa kwa vizuizi sambamba na seli za ng'ombe wasiostahimili, itawezekana kujua kama ustahimilivu unatokana na ishara za ndani ya seli au na kinga ya mwili mzima.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Insha hii imeonesha kwamba kati ya mwaka 1964 na 2015 vizuizi vya vimeng'enya viliwawezesha watafiti kuvuka kutoka katika kuona seli iliyogeuzwa hadi katika kutaja amri zinazoigeuza. Imeonesha pia kwamba maendeleo hayakuja kwa kuviamini vizuizi bali kwa kuvihoji. LY294002 ilipogundulika kugusa CK2, wotimanini ilipogundulika kugusa kinasi ya polo, na buparvakwoni ilipogundulika kugusa Pin1, elimu haikurudi nyuma. Kila ugunduzi wa kasoro ya zana ulikuwa wakati huohuo ugunduzi kuhusu seli.

Mapendekezo mawili yanatolewa. La kwanza linawahusu watafiti wa Tanzania: uchunguzi wa ishara za seli katika zebu wa Tarime ufanyike katika maabara za nchini, ukitumia angalau vizuizi viwili vya maumbo tofauti kwa kila kinasi na njia moja isiyo ya kemikali. La pili linawahusu maofisa mifugo wa wilaya: mafunzo ya matibabu ya ndigana kali yaeleze sababu pamoja na maelekezo, ili mfugaji wa Mugumu ajue kwa nini dozi kamili ya siku ya pili ni bora kuliko dozi mbili za siku ya kumi.